Jeneza Lililovuma

Wanaume wanne waliokuja kuchukua jeneza walikuwa wamekwisha kuliinua hadi kiunoni lilipoanza kuvuma. Haikuwa sauti kubwa. Ulikuwa mvumo wa chini, usiokatika, ule ambao mtu anausikia tumboni kabla haujafika masikioni. Wakasimama hivyo hivyo, mzigo mikononi, wakatazamana. Yule wa mbele, mpwa wa marehemu, akauliza polepole, "Papa Sagesse, mule ndani uliweka nini?"

Aliyeulizwa ni Ananie, baba wa mtoto Sagesse, fundi wa majeneza, mwenye karakana kando ya barabara inayotoka Butembo kuelekea Beni. Kwa kawaida Ananie hakosi jibu. Ukimwuliza kwa nini mvua imechelewa, atakujibu. Ukimwuliza kwa nini serikali iko hivi ilivyo, atakujibu na kukuwekea kiti ili aendelee. Asubuhi ile alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Hakuna kitu," alisema mwishowe. "Iko hewa tu."

Mji mwingine ungecheka. Butembo haichekei majeneza. Wakati wa Ebola kuna familia zilizofungua majeneza kwa nguvu ili zione kama ndugu yao yumo kweli, na maneno yaliyosemwa siku zile hayajafa, yamelala tu. Basi mtazamaji mmoja alipotamka kwamba kuna mtu ndani na anapumua, wale wanne hawakungoja ushahidi. Waliliachia. Kifuniko kikaruka, na kilichotoka hakikuwa mtu wala hewa. Walikuwa nyuki, wengi kuliko waombolezaji, na wenye hasira kuliko wao.

Hulda, mke wa Ananie, alikuwa uani akitwanga sombe, yaani kisamvu. Hakuona nyuki. Alisikia kelele, akasikia miguu mingi ikikimbia, akaona kupitia upenyo wa lango akina mama wakitupa beseni zao na kuteremka mbio kuelekea bondeni. Mwili wake haukungoja kichwa. Wauaji wamefika, aliwaza. Wamefika hadi Butembo. Aliangusha mchi, na badala ya kukimbilia lango alikimbilia chumba cha nyuma, alimokuwa ndugu yake, akaubana mlango kwa mgongo, mikono ameipanua, kana kwamba kifua cha mama mmoja kinaweza kuzuia panga. Alisimama pale mpaka alipomsikia mumewe akiita kutoka chini ya meza ya kupigia randa: "Mama Sagesse, ni banyuki. Ni banyuki tu."

Ndivyo watu wa upande huu wanavyoishi, na asiyeyajua asicheke.

Ndugu yake huyo ni Kamate, mdogo wake wa tumbo moja, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa na mabega ya kubebea magunia. Alilima kakao kule Mbau, kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha, na pembeni ya kakao alikuwa na mizinga yake ya nyuki. Mwaka uliopita, msimu wa mavuno, yeye na mama yao, Anne-Marie, waliingia shambani asubuhi, na asubuhi ile ile wauaji nao wakaingia. Juma zima likapita na zaidi. Kisha wanajeshi wakamkuta Kamate kando ya barabara, amekaa, peke yake, kitenge cha mama yake amekifunga shingoni. Walimwuliza mama yuko wapi, hakujibu. Hulda alishuka kumchukua, akamwuliza njia nzima hadi Butembo, hakujibu. Tangu siku ile hakuna aliyesikia sauti yake.

Walipofika nyumbani, matanga yalikuwa yamekwisha kuanza, matanga bila mwili. Padri alisoma misa, watu wakalia, na kila aliyelia alililia panga, kwa sababu kila mtu alijua wale watu wanavyoua. Hulda alijua kuliko wote. Kila alipofumba macho alimwona mama yake amepiga magoti kati ya mikakao, na aliona kilichofuata, kila mara kwa namna mpya. Alitaka kujua ni wapi. Alitaka kujua kama ilichukua muda. Mtu mmoja tu duniani alijua, na mtu huyo alikuwa amekaa chumba cha nyuma akitazama ukuta, huku mifupa ya uso wake ikizidi kujitokeza juma hadi juma. Muuguzi alimwambia Hulda bila kuzungukazunguka: huyu hana ugonjwa wa kutibu, ila akiendelea kukataa chakula hatavuka mvua zijazo. Hulda aliogopa mambo mawili, na aliona haya kwamba yalikuwa mawili. Aliogopa ndugu yake atakufa, na aliogopa atakufa bila kusema.

Tangu Kamate alipofika hakuwa amekaa bure. Hulda ni mtu wa kutenda, hata pale ambapo kukaa kungekuwa bora. Alifikiri, akaamua kwamba kilichomharibu Kamate ni msitu. Wauaji walitoka kwenye majani, basi majani yote yaondoke machoni pake. Aling'oa uzio wa miti wa nyuma. Akakata migomba. Akaukata mparachichi uliokuwa ukitia kivuli kwenye dirisha la chumba kile, mti wa tangu enzi za baba mkwe, akamwaga saruji uani pote hadi ukutani, bila kuacha hata unyasi wa kumficha mende. Wageni walikatazwa kutaja Mbau. Ndege akitua ukutani, alirushiwa jiwe. Ananie alisema sasa sombe nayo itapigwa marufuku, kwa kuwa ni majani, na kwa mzaha huo alilishwa maharagwe makavu hadi akaomba radhi. Majirani, wao, walimsifu Hulda. Kote Beni na Butembo, mtu aliyetoka kule anafyekewa vichaka vya karibu ili alale. Hakuna aliyeona ajabu.

Turudi kwa nyuki. Jeneza lile lilikuwa limesimama mlangoni mwa karakana siku nyingi, kifuniko wazi kidogo, kama desturi ya mafundi wa barabara ile, ili mpita njia aone kitambaa cha ndani. Na Ananie ana utaratibu wake: viungo vya mbao huvipaka nta kwa ndani, maji yasipite wala kingine kisitoke. Nta aliyoitumia ilikuwa donge la mwisho alilotumiwa na Kamate zamani kutoka Mbau. Nyuki waliokuwa wakitafuta makao walinusa nta ya wenzao, wakakuta sanduku kavu, lenye giza na mlango mwembamba. Wewe ungekuwa nyuki ungepita?

Aliyejitokeza kusaidia ni Adjudant Gustave, mwanajeshi kutoka Kasai aliyepanga nyumba ya jirani. Alikuja amejifunika koti la mvua hadi puani, bidoni ya petroli mkononi.

"Batu bote baingie mu manyumba," alisema. "Tunachoma sanduku, tunachoma na banyuki, affaire inaisha."

"Adjudant, angalia vizuri," Ananie alimjibu kutoka chini ya meza. "Hapa ni mbao na maranda. Ukiwasha, unachoma quartier nzima, nyumba zote."

"Donc tufanye nini? Tubaombe batoke?"

Hulda alikuwa amesogea hadi kwenye kizingiti cha ua, kitenge amekifunika kichwani, akatazama wingu lile likizunguka juu ya jeneza. Alitaka lichomwe. Alitaka lichomwe upesi, kabla Kamate hajaona chochote. Ndipo alipohisi mkono begani. Mkono ulimsogeza kando, bila nguvu, kama mtu anavyosogeza pazia, na Kamate akapita.

Miezi yote ile hakuwa ametoka chumbani bila kushikwa mkono. Sasa alitembea peke yake, miguu mitupu, fulana ikining'inia mabegani, moja kwa moja mpaka kwa yule mwanajeshi, akamshika kifundo cha mkono uliobeba petroli.

"Hapana," Kamate alisema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa ghala uliofungwa mwaka mzima. Alimeza mate akajaribu tena.

"Hapana moto. Mulete moshi."

Hulda alijikuta amekaa juu ya kizingiti, mikono kichwani, mdomo wazi, na hakujali kwamba nyuki angeweza kuingia. Ananie aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye meza kwa kishindo kilichosikika barabarani, wala hakusema aa. Adjudant Gustave, ambaye kwa miezi alikuwa akimsalimia Kamate dirishani kila asubuhi bila kupata jibu, aliiweka bidoni chini polepole, akarudi nyuma.

"Umesikia?" Ananie alimwambia mkewe. "Mama Sagesse, amesema. Umesikia amesema?"

Kamate hakuwa na habari nao. Aliomba kopo, majani makavu ya kalitusi, na kaa la moto kutoka jikoni, na watu wazima watatu wakagongana njiani kwenda kuvitafuta. Alipuliza moshi polepole, kando ya jeneza kwanza, kisha ndani. Akainama. Akaingiza mkono. Nyuki wakaupanda hadi kwenye kiwiko, wakaufunika, na Hulda akang'ata kitenge chake asipige ukelele. Walimuuma, hilo lilionekana. Na kila alipoumwa alivuta pumzi kwa meno na kukunja uso. Uso ule haukuwa umekunjwa na kitu chochote tangu matanga. Hulda aliutazama kama mtu anayeona maiti ikipiga chafya, na aliogopa kufumba macho usije ukapotea.

"Mama yabo iko hapa mu kona," Kamate alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Bamekwisha kuanza kujenga. Tubaache humu."

Nani angebisha? Wenye msiba walipewa jeneza jingine, kubwa kuliko lile walilochagua, na marehemu wao, mzee mfupi, alizikwa kwa nafasi ya kutosha. Jioni nyuki walipotulia, Ananie na Gustave walilibeba lile la nyuki hadi uani, wakitembea kwa ncha za vidole kama wezi, wakaliweka juu ya ile saruji safi ya Hulda. Kamate aliketi kando yake. Hulda alimletea bugali na sombe, akasimama mbali. Kamate alikula. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akaomba ingine, na Hulda akaenda kulilia jikoni ili asimharibie hamu.

Siku zilizofuata Kamate alikuwa akitoka kabla ya jua, kukaa na kutazama nyuki wakitoka na kurudi. Alianza kusema maneno ya kawaida: leteni maji, kuna baridi, Sagesse amekua. La mama hakulisema, na Hulda hakuuliza. Swali lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini aliogopa kwamba akilitoa, mlango ule wa ghala utafungwa tena na safari hii kwa kufuli. Akawa anapita, anapitisha macho, anajifanya ana kazi.

Asubuhi moja Kamate alimwita. Alikuwa akitazama mahali ambapo saruji ilikuwa imevimba kidogo, juu ya kisiki.

"Yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake. "Nani alikata ile avoka?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Juu yako," Hulda alisema, na hata alikuwa na fahari kidogo. "Nilisema ukiona miti utakumbuka pori. Nilikata yote usiumie."

Kamate hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mu ile chumba nilikuwa siangalie inje," alisema. "Siwezi kukudanganya, nilikuwa siangalie hata kitu. Lakini nilikuwa nasikia ndege. Zilikuwa zinakaa mu ile avoka, asubuhi zinaanza kugombana. Nilikuwa nahesabu zile sauti. Nilisema, sawa, kama bado zinagombana, bado niko. Kisha siku moja hazikulia. Kesho yake hazikulia. Nikasema basi, imeisha, na mimi nimalize."

Hulda hakuelewa mara moja. Alielewa vipande vipande. Alikumbuka juma lile la panga na saruji. Alikumbuka kwamba ni baada ya juma lile Kamate alipoanza kurudisha sahani ikiwa imejaa, na yeye, dada mwema, akazidi kufyeka, akawatupia mawe hata ndege waliokuja kuulizia mti wao. Aliishika nguzo ya kamba ya nguo.

"Basi ni mimi nilikuwa nakuua," alisema.

"Haukujua."

"Kamate, ni mimi, na mikono yangu."

"Haukujua, Yaya. Na mimi sikusema." Alisogea ampishe nafasi ya kukaa, lakini Hulda hakuweza kuinama. "Angalia hizi nyuki. Zinapita mbali sana kutafuta maua, zingine hazirudi. Hapa ni baridi na ciment. Zitakufa. Tuzipeleke Beni, kwa mama mudogo Élise."

Élise, mdogo wa marehemu Anne-Marie, anaishi Bungulu, mjini Beni, kwenye kiwanja chenye kahawa na migomba kinachoteremka hadi kwenye kijito. Kutoka pale, kukiwa hakuna ukungu, msitu unaonekana. Hulda alilijua hilo. Kumrudisha mtu huyu upande ule, karibu na ile barabara? Alikuwa na "hapana" tayari mdomoni. Ila alikuwa ameukata mti ule ule uliokuwa ukimweka hai, na mtu aliyekosea hivyo anapoteza kidogo haki ya kusema hapana. Akajibu kwamba atakwenda naye.

Safari yenyewe ilikuwa ya aibu na kituko. Kamate aliziba upenyo wa jeneza kwa kitambaa usiku ulipoingia, na alfajiri wakalipakia nyuma ya gari dogo la mizigo, wao wawili wakakaa kila mmoja upande wake. Kote barabarani watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani alipiga ishara ya msalaba, na Hulda, kwa kukosa la kufanya, akamrudishia. Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Beni, askari kijana aliwasogelea kwa heshima.

"Marehemu ni nani yenu?" aliuliza.

"Hakuna marehemu," Kamate alisema. "Humu ndani bako bazima."

Askari alimtazama, akalitazama jeneza, akaweka sikio juu ya kifuniko. Hulda aliona macho yake yakipanuka. Yule kijana alirudi nyuma hatua kwa hatua, bunduki ikimpiga pajani, na akainua kamba ya kizuizi mwenyewe.

"Mupite," alisema. "Mupite tu."

Kwa Élise walichagua mahali kati ya kahawa, wakaliweka jeneza juu ya mawe, na alasiri Kamate akavuta kitambaa. Élise alikimbilia ndani, akafunga na dirisha. Nyuki walitoka mmoja mmoja, wakazunguka, wakapanda juu. Kahawa ilikuwa na maua. Hulda alisimama nyuma ya ndugu yake akitazama kila alichokuwa amekiondoa Butembo, kimejaa hapa bila adabu: majani, kivuli, magugu hadi magotini, na kule mbali, mstari mweusi wa msitu. Alitaka ukuta.

Ghafla juu ya vichwa vyao kukapita kishindo cha hewa, kizito, kama kitu kikubwa kinachopasuliwa. Hulda alijitupa chini, uso kwenye nyasi, mikono juu ya kisogo. Aliposikia hakuna kilichofuata, aliinua kichwa. Hondohondo wawili, weusi kwa weupe, midomo mizito mbele, walikuwa wakivuka kijito, na mabawa yao ndiyo yaliyopiga kelele ile. Kamate hakuwa amejificha. Alikuwa amesimama wima, kichwa ameinua, akiwafuata kwa macho mpaka walipotua.

"Yaya," alisema, bado akitazama juu. "Mama habakumukata."

Hulda alijiinua hadi magotini kwenye nyasi.

"Unasema nini?"

"Habakumukata. Habakumuona hata. Tulisikia masasi ya bunduki, tukaingia mu pori, tukaenda mbali. Hatukuweza kurudi, bauaji balikuwa kati yetu na barabara. Tulifika kwa mutoni moja mudogo, tukakaa pale. Nilikuwa nasikiliza bambega, zile kima za pori. Zikipiga kelele mu miti, hakuna mutu karibu, tunapumuzika. Zikinyamaza, tunalala chini. Zilituchunga vizuri, Yaya. Nilipata na asali, nikamupa. Lakini dawa yake ya tension, ile presha ya damu, ilibaki ku nyumba. Nilikuwa naona anachoka, anachoka."

Alisema haya polepole, bila kulia. Hulda alitaka anyamaze na alitaka aendelee.

"Asubuhi moja akanishika mukono," Kamate alisema. "Akanionyesha na kidole. Ngambo ya mutoni nyama moja ya pori ilikuwa imesimama. Shingo murefu, masikio kubwa, miguu ya nyuma iko na mistari. Inakunywa maji, na mutoto yake iko pembeni. Yaya, ilikuwa okapi."

Sasa, Anne-Marie aliishi maisha yake yote pembeni ya msitu ule na hakuwahi kumwona okapi. Alikuwa na msimamo wake juu ya jambo hilo, na familia nzima iliujua. Okapi, alisema, ni kitu cha serikali. Wamemchora kwenye mabango, wameipa redio jina lake, lakini uniletee mtu mmoja aliyemwona. Alibishana na mumewe, aliyesema yupo, hadi mumewe akafa. Hulda aliyakumbuka yote hayo kwa mara moja, na hakujua ayaweke wapi.

"Akafanya nini?" aliuliza.

"Akacheka."

"Mama?"

"Akajifunika mudomo na kitenge, ili isikimbie, akacheka mpaka machozi ikatoka. Mabega yote inatikisika. Okapi inaangalia tu. Akaniambia, kumbe iko kweli, na vile nilimusumbua baba yenu. Siku ile yote alikuwa anairudilia. Ananyamaza kidogo, kisha naona mabega inaanza tena. Mangaribi akalala. Asubuhi hakuamuka. Alikuwa na ile sura yake ya kucheka. Nilimuzika pale pale kwa mutoni, na ninaweza kukufikisha nikifunga macho, siku kule kutatulia."

Chini kwenye kijito, chura mmoja alikuwa ameanza kulia mapema. Hulda aligundua kwamba alikuwa ameshika nyasi kwa mikono yote miwili, amezing'oa.

"Miezi yote hii," alisema. "Kamate, miezi yote hii mimi namuona anakatwa. Kwa nini haukuniambia?"

"Nilifika kwako nikakuta matanga. Batu bote banalilia panga. Wewe unalilia panga kuliko bote. Ningeanza wapi? Niseme mama alikufa na kicheko? Mungesema akili yangu imebaki kule." Alijipangusa uso kwa fulana. "Kisha mu ile chumba na mimi nikaanza kujiuliza. Labda hakucheka. Labda hakukuwa hata nyama."

Hulda alijaribu kumwona mama yake amepiga magoti kati ya mikakao, kama alivyomwona kila siku tangu matanga. Alijaribu kwa makusudi, kama mtu anavyogusa jino bovu kwa ulimi. Hakumwona. Mahali pale palikuwa na mwanamke mnene aliyekaa kando ya maji, kitenge mdomoni, mabega yakitikisika. Hulda alishtuka kiasi kwamba alisahau kupumua, na alipopumua ilitoka sauti ambayo Élise aliisikia hadi ndani ya nyumba, akafungua dirisha kuona nani ameumwa.

"Rudia," Hulda alisema.

"Nianze wapi?"

"Pale anacheka. Anzia pale."

Kamate akakaa chini karibu naye, akaanzia pale.